Nilikula mbele ya mama-mukwe

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto la kukausha mate. Mvua bado inatuchezea: mawingu yanakuja mpaka upande wa Luano, yanatuangalia, kisha yanarudi yalikotoka. Nimefungua daftari hili mara tatu leo na kulifunga mara tatu. Sasa naandika, aibu au si aibu.

Mama Mado, mke wangu, yuko nje na watoto, wanakula. Nasikia wanacheka. Mimi niko ndani, mezani, peke yangu, na sahani yangu, kisu changu na fourchette yangu, ule uma wa kizungu. Ni hivyo tangu Jumatano ya wiki ile nyingine. Hajanitukana, hajalia tena mbele yangu. Anaweka chakula, anasema "karibu", anatoka.

Afadhali angenitukana.

Niseme kwa utaratibu, mimi ni karani. Niliomba karte. Hapa Katuba hakuna asiyeijua: ni kadi ambayo serikali inampa mweusi anayehesabiwa kuwa ameendelea. Wengine wanaitaka ili waitwe monsieur na wanywe divai. Mimi niliitaka kwa jambo moja: mwenye karte hapigwi fimbo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na nilimwona akilazwa chini mbele ya wenzake, suruali imeshushwa. Nilikuwa na umri wa mtoto wetu Mado, miaka minane. Sijamwambia mtu, hata mke wangu hajui.

Ili upate karte, bwana wa komisyo, mzungu wa serikali, anakuja kwako kutazama unavyoishi. Anafungua choo. Anahesabu vitanda. Anatazama kama una vitabu, na kama mke wako anakula mezani pamoja nawe. Nilijitayarisha kama mwanafunzi wa mtihani. Vitabu nilivipanga kwa urefu, meza nikaipaka mafuta, watoto nikawafundisha kushika fourchette mpaka wakaichukia.

Tatizo lilikuwa mama-mukwe. Alikuja toka Kamina kumsaidia binti yake na mtoto mchanga. Na kwetu, watu wa kaskazini, mwanamume na mama-mukwe wake hawaonani wakitafuna. Nikikohoa uani, yeye anapita nyuma ya jiko. Neno lake linanifikia kupitia Mado. Si chuki, aka! Ni heshima, na hatuna heshima kubwa kuliko hiyo. Miezi mitatu tuliishi hivyo katika vyumba vidogo vitatu, na hatukugongana hata siku moja.

Bon. Jumatano bwana akaja. Mama-mukwe alikuwa amekwisha kuandaliwa chakula chake jikoni, sisi tumeketi mezani, shati langu linanikaba shingo. Bwana mwenyewe ni kijana, mpole, alileta hata peremende kwa watoto. Akatazama karatasi niliyojaza, akatuhesabu kwa kalamu.

— Karatasi inasema batu saba. Mimi naona sita tu. Mwingine iko wapi?

Ni mimi niliyeandika saba. Hakuna aliyenilazimisha. Karani mpumbavu, anahesabu mpaka mtu wa mwisho!

Bwana hakungoja jibu. Alikwenda jikoni mwenyewe, akamkuta mama-mukwe kwenye mkeka na bukari yake, ule ugali wetu. Akasikitika kweli, niliuona uso wake. Alifikiri tunamficha pale kama mtumishi. Akamshika mkono polepole, akamleta mpaka mezani, akampa kiti tulichokuwa tumemwekea yeye mgeni.

— Mama iko mutu sawa na bengine. Kwa nyumba ya civilisé, ya mutu ya maendeleo, bote nakula pamoja. Haya, kula!

Kisha akasimama na kalamu yake, akinitazama mimi.

Kama angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Ningesimama, ningetoka, ningesema tumbo linaniuma. Lakini alikuwa anatabasamu, na nyuma ya tabasamu lake nikamwona baba yangu akilazwa chini.

Nilikula.

Nilikata nyama ya kuku, nikaitia mdomoni, nikatafuna. Mama-mukwe alivuta kitambaa chake, akafunika uso wote, akageukia ukuta. Mama Mado alikuwa anamnyonyesha mtoto, na machozi yake yakaanguka juu ya kichwa cha mtoto. Bwana hakuona kitu, alikuwa anaandika. "Très bien," akasema, vizuri sana, akanipa mkono.

Alipoondoka tu, nikamsikia mama-mukwe kule jikoni, sauti yake ya chini kabisa:

— Mado, ambia baba yako, mie niko narudia kwetu. Abakie muzuri.

Akaondoka na treni ya Ijumaa. Sikuruhusiwa hata kumsindikiza.

Wiki hii yote nimekuwa nikirudi kwenye vitabu vyangu, kama mtu anayetafuta dawa. Jumapili nyingi padri ametufundisha, sisi makarani, michezo ya kuigiza ya zamani ya Kifaransa, ya wafalme na malkia, mashairi mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa akituuliza: mfalme afuate wajibu au afuate moyo? Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nilikuwa na jibu la kila mfalme.

Safari hii nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Katika michezo ile hakuna anayekula. Wanalia, wanaapa, wanakufa nyuma ya pazia, lakini hakuna hata mmoja anayetafuna mbele ya watu. Padri aliwahi kusema hiyo ndiyo adabu ya wakati ule. Kumbe! Na babu yangu alitusimulia kwamba wafalme wetu wa Baluba walikula wamefungiwa, pasipo jicho la mtu. Shuleni historia yetu inaanza siku bazungu walipofika, na wafalme wale hawana hata ukurasa. Adabu ya bazungu imechapwa vitabuni, inaitwa classique, ya kuigwa na wote. Yetu iko midomoni mwa wazee, inaitwa ushenzi. Mimi nimelelewa na zote mbili, na siku ya kuulizwa sikufungua mdomo ila kwa kutafuna.

Basi. Jana nimeambiwa jina langu limepita. Imebaki sahihi moja.

Sikufurahi. Nilimwambia Mama Mado kwamba nitakwenda Kamina, na kuku na kitambaa kama inavyotakiwa, nimtafute mtu wa kunisemea, nipige magoti nje ya nyumba ya mama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akanitazama usoni.

Lakini mfanyakazi hatoki mji huu bila ruhusa. Kuna karatasi ya kujaza, na kwenye karatasi kuna mstari: sababu ya safari. Na anayeipokea dirishani ni bwana yule yule, mwenye peremende. Nikiandika kweli, atajua kwamba nyumba aliyoiandikia "très bien" bado ina ushenzi ndani, na ile sahihi moja haitakuja. Nikamwambia mke wangu, tuandike kwamba mama ni mgonjwa.

Akaruka.

— Baba Mado! Usitie mama yangu mu bugonjwa juu ya karatasi yako. Ulimufanyia moja, inatosha. Andika ile ulifanya.

Ana haki. Nimeandika, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu wa kazini: ninakwenda kumwomba radhi mama wa mke wangu, kwa sababu nilikula mbele yake. Nikasoma. Eeh Mungu wangu, inachekesha! Kwa Kifaransa ni kichekesho kitupu. Nikaandika upya, nikaongeza maneno makubwa, heshima, wajibu, mababu. Ikachekesha zaidi. Miaka yote hii ya kujifunza lugha yao, na sina namna ya kuandika jambo hili asicheke.

Nimerudia ile ya kwanza. Wino umekauka. Kesho asubuhi dirisha likifunguliwa nitampa, na ile sahihi iende inakotaka kwenda. Acha acheke.

Ninachoogopa ni kwamba nitacheka naye.