Umeme wa Uwanjani, Kobe wa Ofisini

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu ututoke. Watoto walitaka tangazo hili lianze kwa maneno mazito ya heshima. Nimewaambia wayaweke kando, baba yao angecheka. Nakuandikia mimi mkeo, kwa niaba ya wote.

Wenzako wa chuo walikuita Umeme. Mbio za mita mia moja, watazamaji hawajakaa vizuri, wewe umeshamaliza. Ofisini, kwa miaka ishirini na saba ya uhasibu, uliitwa Kobe, maana kila ukurasa uliusoma mara tatu kabla ya kutia sahihi. Karani mgeni akikosea, hukumpeleka kwa mkubwa. Ulivuta kiti ukaketi kando yake: "Turudi mwanzo, mwanangu. Hesabu haina miguu, haitatukimbia." Makarani hao, wengine sasa ni wakuu wa idara, walijaa kwenye mazishi yako mpaka viti vikatuishia.

Lakini miguu yako haikupata habari kwamba umeajiriwa. Ngazi ulizipanda mbili mbili. Kwenda sokoni nawe ilikuwa adhabu. Nilikuwa naona mgongo tu, na kapu nimebeba mimi. "Mke wangu, kaza mwendo!" Mwendo gani, nami nimevaa kandambili? Siku hizi naenda polepole nipendavyo, na sifurahii hata kidogo.

Ninalotaka kukuambia hasa ni la kitinda mimba wetu, aliyerithi miguu yako. Miezi mitatu baada ya kukuzika alipata nafasi chuoni, mbali, na kocha wa huko anamtaka kwenye timu. Akakataa. "Nani atakaa na wewe, mama?" Akaanza kutafuta kazi ya duka hapa mtaani.

Niliingiwa na hofu, kwa sababu hadithi hiyo naijua. Baba yako alipofariki, wewe nawe uliacha mbio ukarudi nyumbani, ingawa klabu ilishakuita. Ukachukua kazi ya kwanza iliyojitokeza, ukawasomesha dada zako wawili. Watu walikusifu. Mimi peke yangu uliniambia, tukikunja nguo Jumapili moja: "Mama hakuniomba nirudi. Nilirudi mwenyewe, kisha nikamnunia kimoyomoyo miaka kumi." Uhasibu ulikuja kuupenda kweli. Ila miaka hiyo kumi ulitamani ungeweza kumrudishia mama yako.

Siri yako nimeitoa, nisamehe. Nilimketisha binti yetu jikoni nikamwambia neno kwa neno. Alilia. Kisha akauliza, "Na ukiugua je?"

"Dada yako yuko mtaa wa pili, na shangazi zako hawazimi simu. Mimi sitaki mlinzi. Nenda, mwanangu, usije ukaninunia."

Akaenda. Wiki za kwanza nyumba ilikuwa kimya, nikalia, sikufichi. Halafu nikaanza kuzoea, nikajiunga na kina mama wa ushonaji, ambao wanasema mishono yangu imepinda. Imepinda kweli.

Juzi akapiga simu kutoka kwenye mashindano yake ya kwanza, anahema.

"Mama, nimekuwa wa tano!"

"Mlikuwa wangapi?"

"Sita."

Akacheka, nami nikacheka, cheko langu kubwa la kwanza mwaka huu wote. Nilimsikiliza kwa makini, mume wangu, kama ulivyokuwa ukisoma zile kurasa zako. Hana kinyongo nami hata chembe.

Unakumbukwa na mimi mkeo, watoto wako watatu, dada zako wawili, mkweo, mjukuu uliyemwacha akitambaa, ambaye sasa anatukimbiza nyumba nzima, na wenzako wa idara ya uhasibu.

Pumzika, mpenzi wetu. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.