Orodha Niliyoituma Mwenyewe

Aneth, nimeharibu. Nimeharibu vibaya mno!

Asubuhi, kwenye mkutano wetu wa wanawake wa usalama wa mtandao hapa Kibaha, nilituma orodha ya washiriki, majina na namba zote, kwenye grupu la WhatsApp la watu mia tatu, wanaume kwa wanawake. Mimi, mwandaaji!

Kumbe Kudra, yule mshiriki wa Maneromango, alimkimbia mumewe anayempiga, akabadilisha namba. Na mumewe yumo grupuni!

Simu ya Kudra ikaita palepale ukumbini, ni mumewe. "Kumbe uko Kibaha. Nakuja."

Nikakiri kwa Kudra kwamba ni mimi niliyeituma orodha. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Dada, sasa nitalala wapi?"

Nitalala wapi, Aneth!

Tumetoka polisi, nimemleta kwangu. Yuko chumbani, amejifungia kwa ufunguo. Hata mimi siwezi kuingia.