Mbuzi ya Nazi ya Mama Yangu

Nasra mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tabora sote wazima, ila babu yako kutwa anagombana na redio.

Hadithi yako nimeisoma, nikaitupa mkekani. Kila ukiitaja ile mbuzi ya nazi, unaongeza "ishara ya upweke". Kwani sisi wasomaji hatuna macho? Halafu unaniuliza kwa nini haijamgusa mwalimu wako!

Sikiliza. Mama yangu alipoolewa huku, alikuja na mbuzi ya kukunia nazi kutoka kwao Bagamoyo. Nazi zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Mboga tuliunga kwa karanga. Lakini kila Ijumaa aliipangusa, akaifunika kanga, na ole wako uikalie. Sisi watoto tuliogopa kwamba iko siku atafunga mizigo, arudi nayo kwao.

Siku moja jirani yetu Mnyamwezi alikuja kumsaidia kumenya karanga, akakosa pa kukaa. Mama akaifunua mbuzi yake, akaikunjua, akamsogezea.

"Kalia hii, dada."

Basi. Nikajua hapo hapo kwamba mama hatatuacha.

Hakuna aliyenieleza, Nasra. Nilikuwa mtoto, nikaelewa. Mwalimu wako, mtu mzima, atashindwa?

Futa, uandike upya.

Bibi yako