Laptop ya Kwanza Bila Idrisa

Jumatatu, 11 Agosti

Steshenari tena baada ya vipindi. Binti wa duka anachapa, mimi nimekaa pembeni namsomea maswali ya mtihani wa kidato cha pili. Ameandika "ngeri" badala ya "ngeli" mara tatu. Nimemrekebisha mara tatu. Nyuma yetu watu wamepanga foleni, wanasoma kioo kama gazeti.

Laptop yetu ilikufa mwezi wa tano. Mume wangu Idrisa aliinunua mwaka mmoja kabla hajafariki. Sijaitupa. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Jumatano, 13 Agosti

Mtihani umevuja. Swali la ngeli, la ufupisho, insha, vyote. Mwalimu wa zamu amekuta karatasi kwa wanafunzi wa bweni. Imechapwa vizuri kuliko nakala yangu.

Mkuu wa shule ameniita ofisini. "Mwalimu Zainabu, huu mtihani ulichapiwa wapi?" Nikamwambia. Akaweka kalamu mezani. "Na faili liliachwa palepale?" Sikujua hata kwamba faili linabaki.

Natakiwa kutunga mwingine. Ukivuja tena, somo langu litatungiwa na mtu mwingine. Miaka ishirini na saba nafundisha. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Sitachapisha tena kwenye mashine ya mtu. Nanunua yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya kosa la kuuliza ofisi ya walimu. Ninunue laptop gani ya bei nafuu? Chai ilipoa wakibishana. Mwalimu Gosbert anaapia zile nyeusi nene, zilizotumika maofisini Ulaya. Mwalimu Edina anasema hizo ni mizigo, nichukue mpya nyembamba ya rangi ya fedha. Mwingine ana chapa yake, ana sticker yake hadi kwenye pikipiki. Kila mtu anatetea alichonunua.

Nikakumbuka redio. Tulikuwa tumeoana miezi minne, tunakaa chumba kimoja hapa mtaa wa Bakoba. Idrisa alizunguka maduka ya mjini kwa mwezi mzima. Kila duka aliingia na kaseti yake mfukoni, ileile. Anaomba redio igeuzwe, anatazama skrubu, anainusa. Kweli, anainusa. Anaomba ichomolewe kwenye umeme ipige kwa betri. Mimi nimesimama mlangoni nimenuna, nataka muziki tu. Wauzaji walikuwa wakimwona wanafunga mlango kwa utani.

Redio ile ililia miaka kumi na tisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda mjini na pesa kwenye mkoba. Duka la tatu ndipo nilipoipenda. Ya fedha, nyembamba, nyepesi kama sahani. Muuzaji ana maneno matamu. "Mpya kabisa mama yangu, hii imetoka kwenye boksi asubuhi." Nilishatoa bahasha ya pesa.

Sijui nini kilinifanya niigeuze. Skrubu mbili zimekwanguliwa. Herufi A imefifia. Nikauliza. Akasema ni vumbi la dukani. Nikaomba aichomoe kwenye chaja tuone inavyokaa na chaji. "Hapana mama, ukiitoa mara ya kwanza unaharibu setingi." Nikamwambia basi nisubiri hapahapa ijae. Uso wake ukabadilika. Akasema kuna wateja wengine.

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Nimerudi nyumbani na bahasha yangu. Nilikuwa nimebakiza kumkabidhi tu.

Jumapili, 17 Agosti

Rehema amepiga simu kutoka Mwanza. "Mama, chukua yoyote, siku hizi zote ni zilezile." Mwanangu hakumjua baba yake vizuri.

Leo nimemkasirikia Idrisa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Alichagua jiko, alichagua pasi, alichagua friji. Alichagua mpaka mwavuli. Mimi nilikuwa napokea. Ameondoka, ameniacha mwanamke wa miaka hamsini na sita anayedanganywa na kijana wa dukani. Nimeisema kwa sauti, jikoni, peke yangu. Kisha nimelia. Kisha nimemenya ndizi.

Jumanne, 19 Agosti

Mkuu anataka mtihani Jumatatu ijayo. Nimeutunga wote kwa mkono, umejaa kurasa sita. Nimelala nao chini ya godoro kama mwizi.

Gosbert amenionea huruma. Anasema Nshamba kuna fundi mwanamke, Jasinta, anatengeneza kompyuta za nusu ya wilaya ya Muleba. Huwa na chache za kuuza. "Mwalimu, yule hakusifii kitu. Utachukia, lakini utapona." Nitakwenda Jumamosi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimetoka asubuhi kwa basi. Tulipopita Kanazi kahawa imeanikwa mbele ya nyumba, kwenye mikeka na maturubai. Shule yangu ya kwanza ilikuwa huko. Idrisa alikuwa anakuja kwa baiskeli Ijumaa baada ya sala, ananikuta nasahihisha madaftari barazani. Mwenye nyumba wangu alimpa kazi ya kugeuza kahawa juani kila alipokuja, eti mchumba asikae bure. Aligeuza. Suruali yake ya Ijumaa ilinuka kahawa mpaka tukaoana. Nimecheka peke yangu dirishani. Harufu haijabadilika.

Jasinta nimemkuta anatoka kwenye kibanja chake cha migomba, amevaa mabuti, ana mkungu begani. Kanisalimia kwa magoti kabisa, kwa neno la heshima la huku. "Karibu waitu, Mwalimu." Akanawa, akafungua duka. Mezani kompyuta tano zimefunguliwa matumbo. Moja ya mfanyabiashara wa samaki kutoka visiwani, bado inanuka dagaa.

Nikamuuliza chapa ipi ni nzuri. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, kila chapa ina mtoto mzuri na mtoto mtukutu. Niulize betri inatoka? Kibodi ikiingia chai, naibadilisha peke yake? Kioo kikipasuka, nakipata Mwanza au nasubiri mpaka mwakani?"

Akanionyesha nyembamba moja, ndugu wa ile ya mjini. Ndani kila kitu kimechomelewa pamoja. "Hii ikifa, imekufa." Halafu nene nyeusi. Akaifungua kwa bisibisi moja, vipande vikatoka kama vya sufuria na mfuniko. Za namna hii ziko nyingi maofisini, hivyo vipuri havimsumbui.

Alikuwa nazo mbili za kuuza, chapa tofauti. Moja nzuri, kibodi laini, lakini betri yake haipatikani tena. Ya pili nzito, ina kovu kwenye mfuniko.

Nikaigeuza ile yenye kovu. Nikahesabu skrubu. Nikainusa. Nikaomba aichomoe kwenye umeme. Jasinta akacheka mpaka akakaa. "Waitu! Mwalimu unakagua kama unanunua ng'ombe wa mahari!" Tukaiacha imewaka, akaleta ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, tukala taratibu. Tukaongea habari za shule, za mama yake, za bei ya kahawa. Saa tatu zikapita. Bado inawaka.

Pale ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyenifundisha kuuliza maswali yale. Niliyasikia nimesimama mlangoni mwa maduka, mwezi mzima, nimenuna. Kumbe nilikuwa najifunza.

Hasira imenitoka. Nimebaki na hamu ya kumwona Idrisa tu. Angempenda Jasinta. Wangebishana mpaka jioni.

Nimechukua yenye kovu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimechapa tangu asubuhi kwa vidole viwili. Kurasa sita. Nimefuta ukurasa wa nne kwa bahati mbaya, nikauchapa upya. Mgongo unauma. Kila "ngeli" iko sawa.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempelekea mkuu mtihani kwenye flashi, nikasimama hapohapo akichapisha na kufungia kabatini. Akatazama laptop mkononi mwangu. "Imepata ajali?" Nikamwambia ndiyo, kabla ya kunijua. Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu ile siku.

Ijumaa, 29 Agosti

Mtihani umefanyika jana. Wamelalamika ni mgumu. Nimefurahi sana kuyasikia malalamiko yao.

Leo hakuna kazi mchana. Kila nikiiwasha, kompyuta inanisalimia kwa jina la ofisi iliyokuwa nayo mwanzo. Jasinta alinieleza kwa simu pa kubadilisha. Kikafunguka kisanduku, kinataka jina la mtumiaji.

Mita ya umeme ina jina la Idrisa. Ya maji pia. Kiwanja, king'amuzi, hata kadi ya sanduku la posta. Sijawahi kuona ubaya wake, na leo pia sikuona. Nilikaa tu kidogo, mikono mapajani.

Kisha nikaandika: Zainabu Hamisi.

Nikabonyeza. Ikazima, ikawaka, ikaniita kwa jina langu. Nje wanaadhini alasiri. Nimefunga mfuniko, nimekwenda kutawadha.