Kahawa Ilipoa Tukitazamana

Hirvikoski, Kainuu,
Ufini.
Mei 26

Mpendwa Dada Hilkka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Na lile jicho ulilofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho linaendeleaje? Barua yako ya mwisho mistari yake ilikuwa inapanda mlima, nikajua umeiandika kabla daktari hajakuruhusu. Wewe na ubishi wako! Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikishuka ngazi, na presha hupanda kila bajeti ya chuo inapokaribia. Namshukuru Mungu kwa yaliyosalia.

Barafu ya ziwani imeyeyuka wiki iliyopita, na majani ya miti ya mibetula yamefikia ukubwa wa sikio la panya, kama alivyokuwa akisema mama. Jirani Alpo ameshaishusha mashua yake majini, na yeye mwenyewe ameshatumbukia. Hakuumia, ila kofia yake hatukuiona tena.

Najua unachosubiri. Wakati wa Krismasi uliniuliza kama nitakuja Kanada tuishi pamoja, sisi wawili tuliobaki, nami nikakujibu kwa kukutumia soksi. Ukaandika tena kwamba chumba umeshakipaka rangi ya buluu. Leo nitakujibu, dada. Lakini kwanza niache nikupe habari za chuo, maana jibu limo humohumo.

Baraza la chuo lilinitaka nikae miaka mitano mingine nikiwa Mkuu wa Chuo, na lilitaka neno langu Jumatatu. Nilikuwa nimechoka. Kazi haikunichosha, kilichonichosha ni kimya. Unawajua watu wetu. Ukiharibu watakuambia, ukifanya vizuri watanyamaza, wasije wakakuvimbisha kichwa. Nimewaongoza muda wote huu bila kujua kama wananitaka au wananivumilia tu. Usiku mtu unarudi nyumbani, unakaa na supu yako ya samaki, unajiuliza hivi nikiondoka kuna atakayegundua?

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya kufunga mwaka. Wafanyakazi wote hukusanyika ukumbini, mkuu huwasomea habari za chuo, kisha watu hunywa kahawa. Asubuhi ile nikifunga vifungo vya koti nilijiwekea shauri moyoni: wakinionyesha dalili yoyote kwamba wananitaka, nabaki. Wakinyamaza, nakwenda kwa Hilkka. Hebu fikiria, mtu mzima na akili zake anatafuta dalili kwa watu wa Kainuu! Afadhali ningemkamua kuku maziwa.

Na habari zenyewe zilikuwa nzuri, acha nijisifu kwako kwa kuwa kwingine siwezi. Yale maneno ya kutuunganisha na chuo cha mjini yamekwisha, wizara imekubali tubaki kama tulivyo na imetuongezea nafasi za wanafunzi wa uuguzi. Kile kifaa chetu cha kupima unene wa barafu, nilichokuambia mwaka jana kwamba kilizama ziwani pamoja na waliokuwa wakikijaribu, sasa kinafanya kazi, na halmashauri za kaskazini zinakitumia kabla ya kuruhusu watoto kuteleza juu ya barafu. Waliozama walitoka salama, usiogope. Na yule binti wa posta, Tuulikki, uliyemwacha ananyonya, amepata udaktari wa falsafa na kukabidhiwa kofia na upanga wake kama ilivyo desturi. Upanga ameutundika chumba cha walimu, chini ya pembe za paa mkubwa. Nimemwomba asiutumie kwenye vikao vyangu.

Hayo yote niliyasoma, na sauti ilinitetemeka kidogo nilipofika kwenye habari ya wizara, kwa sababu tulikaa na hofu ile muda mrefu. Nikamaliza. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna. Wakainuka wakasogea taratibu hadi ukutani, wakasimama.

Kimya, dada. Meza ilikuwa imeandaliwa, birika zinafuka moshi, keki za krimu, mikate midogo ya wali na siagi ya mayai kama ya mama. Hakuna aliyesogea. Nikawatazama, wakanitazama, kisha wakatazama viatu vyao. Kahawa inapoa nao wamesimama tu kama watu waliofika msibani. Nikasema moyoni, basi, hiyo ndiyo dalili yangu. Hata kahawa yangu hawaitaki.

Kwa hiyo nikarudi mbele, nikawaambia: “Ndugu zangu, nadhani nimewaelewa. Sitaomba kipindi kingine. Baraza litatafuta mtu mwingine, nami nawashukuru kwa yote.” Sauti haikutetemeka hata kidogo, najivunia hilo. Machozi ndiyo yalinisaliti.

Halafu Taisto Moilanen akanyoosha mkono. Huyu ni mwalimu wetu wa fizikia, mrefu, mwenye uso kama mlango uliofungwa, na katika mikutano yangu yote sijawahi kumsikia akisema kitu.

“Mkuu,” akasema, “umeelewa nini hasa?”

“Kwamba mmenichoka.”

“Nani kakwambia? Sisi tunasubiri utukaribishe kahawa. Hujatukaribisha.”

Dada, nilikuwa nimesahau! Kwa kuhangaika na dalili zangu nilisahau maneno mepesi kuliko yote, na watu wetu wako radhi wafe na kiu ukutani kuliko kuigusa birika bila kukaribishwa. Tena huko nyuma Sinikka, mkuu wa uuguzi, akadakia: “Na hilo la kuondoka ni la lazima? Maana mimi binafsi sijalipenda.”

“Lakini hamjawahi kuniambia lolote!” nikasema, na hapo nilikuwa nalia waziwazi kama mtoto.

“Tukwambie nini? Mimi nimenyamaza kwa sababu nimeridhika,” akajibu Moilanen. “Nisiporidhika huwa naandika barua pepe. Mkuu aliyekutangulia muulize alizipata ngapi.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Sikujua kwamba watu wale wanaweza kucheka wakiwa wengi namna ile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami siku zote nilikuwa nausubiri mshindo wa mabaya tu.

Nikajifuta uso, nikasema, “Karibuni kahawa.” Hakuna aliyesogea. Nikasema tena, “Jamani, karibuni.” Wakatazamana. Mkuu wao analia, keki zinalegea, nao bado wanangoja heshima yao itimie! Niliposema mara ya tatu, Sinikka akashusha pumzi, akasema, “Haya, lazima mtu aanze,” ndipo wakajipanga foleni.

Baadaye Moilanen aliniletea kikombe dirishani. Akasimama kando yangu tukalitazama ziwa mpaka kahawa yake ikaisha. Kisha akasema, “Usiende,” akaondoka. Kwa mtu wa hapa, Hilkka, hiyo ni hotuba.

Jumatatu nililiambia baraza kwamba nabaki. Kwa hiyo jibu lako ni hilo: siji. Najua linauma, maana lilinichukua siku mbili kuliandika. Nilikifikiria chumba kile, nikakufikiria ukiwa juu ya ngazi na brashi mkononi na jicho moja bovu, nikalia mara ya pili wiki hiyo. Usidhani nimechagua watu wa chuo nikakuacha wewe. Hapa ndipo nilipo na kazi, na sasa najua kwamba ninahitajika.

Lakini tangu siku ile sipati usingizi vizuri, kwa sababu nakuona wewe ukutani. Ulipokuja kumzika mama ulilala hotelini Kajaani. Ulipofika nyumbani ulibisha hodi, ukauliza kama unaweza kufungua kabati. Nikadhani basi dada yangu amekuwa mgeni, Kanada imemchukua. Na mazishi yalipokwisha ulikaa kwenye benchi la sauna na koti lako mapajani muda mrefu sana, kisha ukasema teksi imefika. Nilikupungia mkono. Hakuna aliyekuambia ubaki. Kaka yetu Onni hakusema, Mungu amrehemu, nami sikusema, kwani nani humkaribisha mtu kwao? Nyumba ni yako kama ilivyo yangu. Sikujua kwamba ulikuwa unangoja. Pengine hata wewe hukujua.

Sasa shemeji Reino ametutoka, na wewe na mimi kila mmoja anakula supu yake peke yake, bahari katikati. Chumba cha mashariki kina kitanda na hakina mtu. Siwezi kukiita cha buluu, ni cha kijani, nawe uliichukia rangi hiyo tangu utotoni. Utaipaka unayoitaka. Kituo cha afya kina madaktari wa macho, na wauguzi wake wamefundishwa na Sinikka, kwa hiyo utakemewa ipasavyo.

Jouni wa marehemu Onni na mkewe Kaisu wanakusalimu sana, na Alpo anakusalimu bila kofia. Wewe nisalimie Eila wa kanisani na yule paka wako mnene. Mungu akulinde, aliponye jicho lako, na akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Na sasa nisikilize, maana nayaandika makaribisho yote matatu, ili usiwe na la kusubiri.

Karibu nyumbani, Hilkka.

Karibu, dada yangu.

Karibu. Kahawa nitapika nyingine.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko nilivyowahi kukuambia,

Irmeli