Nane Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Chuo cha Ualimu,
Bweni la Wasichana, chumba namba 14,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umepata walau siku moja ya kupumzika, na kwamba wazee unaowauguza hawakusumbui mno. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia kuwa mwenzako asipofika kazini unawainua wagonjwa peke yako. Tafadhali, usifanye hivyo. Na yule mzee wa kike anayekuita kwa jina la binti yake, bado yupo? Mwambie kuna msichana huku anayemwulizia.

Sisi hatujambo. Mama yuko kwenye cherehani yake, sare za shule zimemfunika mpaka shingoni. Bibi masikio yamezidi kuwa mazito, ila umbea anausikia vizuri kuliko sisi wote.

Mwanao naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula, anacheka, na anamsemesha kila apitaye mlangoni. Jina la Chiriku ulilompa bado linamfaa. Habari za goti nitazifikia.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kama nimeipeleka barua yako kwa Mkuu wa Chuo, ile ya kumlalamikia Kocha kwa kumchezesha mwanao akiwa mgonjwa. Nilikujibu kuwa Mkuu amesafiri. Hakusafiri. Barua yako iko hapa mezani, chini ya kamusi, na kila nikikaa kusoma naiona pembe yake. Kwa simu nimeshindwa kukueleza, maana wewe huanza kunipa pole kabla sijamaliza sentensi, nami huipokea ile pole na kunyamaza.

Acha nianzie kwenye msimu wenyewe, kwa kuwa wewe ulisikia matokeo tu. Mwaka jana timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Wavulana wa chuo walikuja kututazama ili wapate kucheka. Uwanja wetu ni saruji iliyopasuka katikati, na ringi moja imeinama kama mtu anayechungulia kisimani. Mwaka huu akaja Chiriku, mwaka wa kwanza, mfupi kuliko wote na mdomo mrefu kuliko wote. Katika mechi ya kwanza alimtazama beki wa wapinzani, msichana mrefu kama mlingoti, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Dada, huko juu mvua inanyesha?" Yule akacheka, na alipomaliza kucheka Chiriku alikuwa ameshafunga. Tukashinda. Wiki iliyofuata tukashinda tena. Kabla ya fainali tulikuwa tumecheza mechi kumi na moja na kupoteza moja tu.

Kocha wetu ni fundi umeme wa chuo. Hutufundisha jioni akiwa bado na bisibisi mfukoni. Ana desturi yake moja ambayo sijaisikia kwingine. Anasema mchezaji akiulizwa na kocha kama yu mzima atasema ndiyo hata akiwa anatambaa, lakini wachezaji wenyewe hawadanganyani. Kwa hiyo yeye haulizi. Siku ya mechi kila msichana huja kwenye stoo ya vifaa na kumwambia nahodha mwili wake ni ngapi, kuanzia moja hadi kumi, na nahodha huandika kwenye ubao wa chaki mbele ya jina lake. Aliye chini ya sita hachezi. Hakuna kubembeleza. Kocha huingia, husoma ubao, hupanga timu.

Nahodha nilikuwa mimi, Mama Mdogo. Chaki ilikuwa yangu.

Katika nusu fainali Chiriku alitua vibaya, na kesho yake goti lilikuwa limevimba. Siku ya fainali aliingia stoo amejishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Nne," akasema.

"Nne ya kweli au nne ya kudeka?"

"Nne, dada. Goti leo limeninunia. Niandikie nne, nikae benchi niwapigie kelele. Si unajua kelele zangu ni pointi kumi?"

Nikaandika nane.

Ningependa kukuambia kuwa nilisita. Sikusita. Niliandika vizuri, kwa mwandiko ule ule ulionifanya uniite Profesa nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa na sababu zangu: bila yeye hatuna wa kupeleka mpira mbele, mwaka huu ndio wa mwisho kwangu, goti limeshapungua uvimbe, dakika arobaini si maisha. Nimezipanga sababu hizo mara nyingi tangu siku ile. Hakuna hata moja inayosimama ikibaki peke yake.

Chiriku aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi. "Kumbe nimepona," akasema, akaketi kufunga kamba za viatu. Tangu utotoni mimi ndiye ninayesema na yeye ndiye anayefuata. Wewe mwenyewe ulipoondoka ulimwambia, msikilize dada yako. Nilijua hatanibishia mbele ya wenzetu. Kwa hiyo sikumdanganya Kocha peke yake. Niliutumia huo udada ulionikabidhi wewe.

Katika robo ya tatu aliruka kuwania mpira katikati ya watu watatu, akatua kwa mguu mmoja. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza mlio ule. Kocha alifika mbio, akapiga magoti kando yake, akainua uso kwangu. "Si alikuwa nane? Huyu si alikuwa nane?"

Nikajibu, "Ndiyo, Kocha."

Walimtoa kwa machela, nasi tukaendelea kucheza. Hili nalionea aibu kuliko yote: nilicheza vizuri. Sijawahi kucheza vile. Kikapu cha mwisho nilifunga mimi, tukashinda kwa pointi moja, nikarukaruka na kupiga kelele kama wengine, na kwa dakika kadhaa nilimsahau mwanao. Ile picha niliyokutumia, mimi nimeshika kombe kwa mikono miwili, yeye ameshikiliwa na wasichana wawili, ilipigwa aliporudishwa kutoka chumba cha huduma ya kwanza. Uliniambia umeibandika kwenye kabati lako la kazini. Ukanishukuru kwa kumtunza.

Daktari wa mifupa amesema kano ya goti imekatika. Upasuaji ni mwezi ujao, kisha miezi tisa ya mazoezi ya taratibu. Kuhusu kucheza tena, hakuahidi kitu.

Kocha, tangu siku ile, amesimamisha mazoezi. Haijui barua yako, ila anajilaumu mwenyewe, anasema macho yake yalipaswa kuona. Kila nikipishana naye uwanjani hunisalimia kwa upole, "Hujambo, nahodha," na mimi hugeuza njia.

Alhamisi sikugeuza. Nilimkuta ukumbi wa chakula, juu ya ngazi, akifunga taa. Nikamwambia yote nikiwa chini, nimeishika ngazi ili isiteleze. Alishuka kipago kwa kipago. Akauliza neno moja tu.

"Alisema ngapi?"

"Nne."

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Kisha akasema, "Basi twende ukaandike alichosema."

Ubao wa fainali ulikuwa haujafutwa. Wasichana waliuacha uwe kumbukumbu ya ubingwa, majina yote na namba zake. Akawaita wote stoo. Nikaifuta nane kwa kiganja, nikaandika nne, nikageuka na kuwaeleza. Nilitegemea matusi. Hakuna aliyetukana. Mnara, mchezaji wetu wa kati, ambaye hajawahi kumkosea mtu, aliangalia jina lake akaniuliza polepole, "Kepteni, mimi hapo nina tisa. Nilisema tisa kweli?"

Alisema tisa. Namkumbuka kabisa akisema. Lakini nilielewa kwa nini anauliza, na nikaelewa kwamba kuanzia siku ile hakuna namba yangu yoyote itakayoaminiwa. Chaki nilimkabidhi Mnara palepale. Sasa anayo yeye. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mkuu wa Chuo kumweleza kwa mdomo wangu, hata kama tutanyang'anywa kombe.

Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Kila ulichokisema humo ni haki yako, isipokuwa jina. Ukitaka iende, futa jina la Kocha uandike langu, uitume tena kwangu. Nitaipeleka mwenyewe, na sitasema mtu amesafiri.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Naomba tu unapopiga simu usinipe pole. Na picha ile, ukiona vema, itoe kabatini.

Chiriku anajua ninachokuandikia. Nilipomsomea, alinirudisha kwenye sehemu ya ubao, kisha akasema, "Mwambie mama na mimi niliuona ubao. Nina macho." Nimeandika kwa kuwa ameniamuru, ila usimhesabie kosa.

Mama anakusalimu, anasema ukipata nafasi umpimie mabega yako, anataka kukushonea koti. Bibi anakusalimu, na anauliza huko kama unakula. Mnara naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu akulinde kazini, aulinde mgongo wako, na akujalie usiku wa usingizi hata baada ya kuyasoma haya.

Jambo dogo la mwisho. Chiriku amebandika karatasi ukutani juu ya kitanda chake, na kila asubuhi hunidai nisimame na kalamu. Yeye husema, mimi huandika, kisha huninyang'anya karatasi aikague kama mwalimu mkali.

Leo amesema tatu. Nimeandika tatu.

Mwanao akupendaye, hata ukichelewa kujibu,

Profesa