Koleo la Eivind

Saa moja asubuhi: tufani imetulia, mlango haufunguki. Koleo liko chini ya theluji, pale ulipoliacha ukisema, "Mke wangu, hii theluji ya mzaha tu."

Kwa mama yako hakuna moshi, naye huwasha jiko alfajiri. ~~Natokea dirisha la juu nikamchimbue kwa sufuria.~~ Uji nimeuhamishia kwenye bakuli.

Watoto wasichimbe pango kando ya barabara. Gari la kusukuma theluji litapita.

Mama yako yu mzima. Kabla ya kuwasha jiko alikuja kutuchimbua. Koleo lake hulala ndani.

"Huyo mwanangu kalala?"

"Fofofo, Mama."

Tunakwenda kwake kunywa kahawa. Koleo lako tumelipata. Nimelilaza kitandani, upande wangu.

Mkeo, Gunnvor